Tairi la Siku Mbaya

Wewe unayetaka kununua matairi ya lori, kaa hapa karibu nami tuzungumze kwanza. Usione haya kuuliza. Hata mimi sikuzaliwa nikijua. Ukisimama mbele ya duka la matairi yote ni meusi, yote yananukia upya, na muuzaji husifia kila unaloligusa. Kwa hiyo usianze na tairi. Anza na njia yako.

Huku kwetu Kwale gari moja huenda likapita njia za namna tatu kabla ya adhuhuri. Juu mashambani kuna udongo mwekundu, ambao ukinyeshewa huteleza kama sabuni. Huo unataka meno makubwa yaliyoachana, ili tope liruke lenyewe tairi likizunguka. Ukishuka Diani kwenye vijia vya kwenda ufuoni unakuta mchanga, na hapo meno hayohayo yanachimba shimo na kukuzika. Tairi pana lililolika kidogo linapita kwa raha. Ukiacha lami kuelekea Msambweni, mawe ya matumbawe yamechomoza. Hayo hayana habari na meno, yanakata ubavu. Kama gari lako linapita kote huko, chagua kwa kufikiria mahali unapokwama, si mahali unapopita vizuri. Umeona? Si jambo gumu.

Baba yangu aliyajua haya yote. Kuchagua alijua sana. Kilichomwangusha kilikuja baada ya kuchagua.

Alitoka bara, akapata shamba kwenye makazi ya serikali, akapanda michungwa, na baadaye akanunua lori kuukuu la kupeleka machungwa yake na ya majirani sokoni Mombasa. Mimi, binti yake, nilikaa naye mbele. Kiswahili chake kilibaki cha bara mpaka mwisho, changu kilikuwa cha watoto wa Kwale, kwa hiyo wanunuzi nilizungumza nao mimi. Aliniita mama, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake.

Nyumbani kwetu kitu kizuri hakikutumiwa. Vikombe vya maua vilikaa kabatini vikingoja wageni. Blanketi jipya lilikaa sandukuni likingoja mchungaji alale kwetu, naye alikuwa na kitanda chake kule ng'ambo ya bonde. Nyumba za wahamiaji wengi zilikuwa hivyo. Walikimbia ukame, na aliyekimbia ukame hawezi kukiona kizuri akakimaliza. Sisi watoto tulikunywa chai kwa vikopo vya bati.

Miaka kadhaa kabla ya zile mvua kubwa za tisini na saba, tulikwenda Ukunda kununua tairi moja. Muuzaji alikuwa Mdigo wa makamo, mpole, mwenye maneno ya utani. Alimwamkia baba shikamoo, akamletea kiti, akamtolea tairi baada ya tairi. Baba alilikataa hili kwa meno yake, lile kwa ubavu wake, mpaka akapata alilolitaka. Muuzaji akamsifu, akauliza alifunge gurudumu lipi. Baba akasema lisifungwe. Lipandishwe juu ya kebini, liwe spea, lingoje siku mbaya.

Yule bwana alimweleza kwa utaratibu kwamba juani mpira hukauka hata kama hautembei, na kwamba lori la magurudumu pacha nyuma halitaki tairi jipya kando ya kipara, kwa sababu jipya ni refu zaidi, nalo hubeba mzigo wa mwenzake. Anunue mawili, ayafunge pamoja, na lililo bora katika yale ya zamani ndilo liwe spea. Baba alitikisa kichwa.

"Mzee, hili ni tairi," muuzaji akasema, "si sahani ya wageni."

"Ndiyo maana nyinyi watu wa pwani hamna akiba," baba akamjibu. "Mnakula leo, kesho mnakuja kutuomba kwa shikamoo."

Wote wawili walicheka. Nami nilicheka.

Tairi lilikaa juu ya kebini, jua na chumvi vikilipiga, misimu ikipita. Kila lilipochafuka baba alilipangusa kwa kitambaa.

Kisha mvua zikaja, zikakataa kwenda. Malori ya watu wengine yaliacha kupanda huko juu, na machungwa yakarundikana kwenye baraza za watu yakianza kulainika. Jumapili moja baada ya ibada, baba aliwaambia majirani mbele ya kanisa kwamba yeye atayatoa. Jirani yetu mjane alileta yake yote, hata ya kula nyumbani. Wengine waliyaleta kwa mikokoteni. Hakuna aliyeuliza kama lori litafika. Baba alikuwa amesema.

Tulipakia, tukashuka, na tairi moja la nyuma likapasuka kabla hatujafika lami. Sikuona hofu usoni mwake. Alipanda mwenyewe juu ya kebini katika mvua ile, akafungua kamba zilizokwisha kuwa ngumu kama waya, na kuliteremsha kama mtu anayempokea mgeni.

"Mama, leo ndiyo siku yake," akaniambia.

Lilikuwa na meno yote. Tulilifunga, tukaondoka. Kwenye mteremko nilisikia kitu kinapiga bodi kama mjeledi. Ngozi ya lile tairi ilikuwa imebanduka nzima. Lori liliserereka, likaingia mtaroni, likalala ubavu. Tulitokea dirishani tukiwa wazima. Machungwa yalikuwa yanateremka na maji mekundu, na baba akiyafuata, akiokota na kuyatia ndani ya koti lake, mpaka koti likamshinda.

Maji yalipopungua alikwenda Ukunda na kipande cha lile tairi, akamwita yule bwana mwizi mbele ya wateja wake. Muuzaji hakukasirika. Alikikunja kile kipande, nyufa zikafunguka kama kisigino cha mtu mzee.

"Lilikuwa hai nilipokuuzia," akasema. "Mzee wangu, umeliua kwa kulitunza."

Baba hakukubali kamwe. Kwa maisha yake yote aliyobakiza, alisema aliuziwa tairi bovu. Majirani hawakumtukana. Yule mjane alikuja kutupa pole, akakaa, akanywa chai. Msimu uliofuata alipakia machungwa yake kwenye lori la mtu mwingine, na wengine wote wakafanya vivyo hivyo, na walipompita baba barabarani walimsalimia kwa heshima kuliko zamani. Heshima ile ilimmaliza kuliko matusi.

Vikombe vya maua vilitoka kabatini siku ya mazishi yake. Wageni walivisifu. Yeye hakuwahi kunywea hata kimoja. Blanketi tulilikuta limeliwa na nondo.

Kwa hiyo, wewe unayenisikiliza, kesho asubuhi panda juu ya lori lako. Likunje lile spea kwa mikono miwili, uangalie ubavuni kama pana nyufa. Zikiwapo, litupe. Zisipokuwapo, tafuta la pili la kimo kilekile, uyafunge pamoja kwenye magurudumu pacha ya nyuma, na katika yale uliyoyatoa lililo bora ulipandishe juu ya kebini, ulifunike lisipigwe na jua.