Wali wa Mfuko wa Sabuni

Kwenye kibanda cha chakula huku Changamwe, bwana mmoja aliyevaa tai, jirani yangu mezani, alipangusa kijiko kwa tishu, akakigeuza, akakipangusa tena. Chupa ya maji aliirudisha kwa kuwa kifuniko kilikuwa kimelegea.

"Afya yangu siichezei, mama," alimwambia mpishi.

Mpishi akafunua sufuria. Juu ya wali, kuzuia mvuke, alikuwa ametandaza mfuko wa plastiki wa sabuni ya unga, umenywea kwa joto, watona matone.

Bwana akatabasamu. "Wali wa kufunikwa hivyo ndio huiva sawasawa. Nipakulie wa juu!"

Vijidudu asivyoviona vyamtisha, plastiki anayoiona yamtia hamu.

Mfuko ulipoondolewa, maandishi yake mekundu yalikuwa yamebaki nusu. Nusu nyingine sikuiulizia. Mwenye afya yake alikuwa keshaanza kuitafuna.