Fundi na Mkanda wa Rangi Tatu

Kitu cha kwanza ambacho mtu huona kwa Fundi ni simu yake. Ameitia ndani ya mfuko mwembamba wa plastiki, akauzungushia raba mbili, na huibonyeza na kuongea nayo humohumo, maana njia zake ni za mvua na vumbi.

Ni fundi cherehani kwa miaka ishirini na mitatu, na mhudumu wa afya ya jamii kwa tisa. Asubuhi hushona sare za shule. Mchana hupita nyumba kwa nyumba, akipima watoto na kuwakumbusha wajawazito siku za kliniki. Zamani, jambo likimshinda, alilibeba peke yake hadi mkutano wa mwisho wa mwezi. Alipochoka kubeba, akafungua kundi la WhatsApp, akaliita Mguu kwa Mguu. Leo lina wahudumu arobaini na mmoja, wengi wao hawajawahi kuonana. Masharti yake mawili hayana mjadala: picha ya mgonjwa isionyeshe sura, na maua ya "asubuhi njema" yangoje jioni, yasije yakafukia ujumbe wa mtu aliyekwama.

"Hiyo simu ina wivu," mumewe humtania. "Nikikusogelea tu, inalia."

"Nawe jifunze kulia, nitakupokea," hujibu Fundi, mguu haubanduki kwenye cherehani.

Wiki tano zilizopita, binti mmoja aliyeanza kazi karibuni alituma picha ya mkono wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, umezungushiwa mkanda wa kupimia utapiamlo. Kijani ni salama, njano ni tahadhari, nyekundu ni hatari. Mkanda ulisoma kijani. Pongezi zikamiminika.

Fundi akasimamisha cherehani. Akaikuza picha. Jicho lililozoea kupima mabega na viuno vya watu liliona nyuzi za sufu chini ya mkanda.

Angeweza kuandika palepale, kundi zima lisome. Lakini binti yule alikuwa na wiki mbili tu kazini, na aibu ya mbele za watu huvunja miguu. Akampigia.

"Mwanangu, hongera kwa kazi. Huyo mtoto ulimvua sweta?"

"Kulikuwa na baridi, shangazi. Mama yake alisema nitamtia mafua."

"Basi umepima sweta, na sweta haliugui. Rudi sasa hivi. Mwombe mama ampakate vizuri, atoe mkono mmoja tu, wa kushoto. Sitaondoka kwenye simu."

Nusu saa baadaye mkanda ulisoma nyekundu. Binti akaangua kilio.

"Shangazi, kazi hii siiwezi! Ningemwacha afe!"

"Hujamwacha, umerudi. Futa machozi, mama asije akaogopa kuliko wewe, kisha mfuatane kliniki. Utaacha kazi kesho, leo hatuna nafasi."

Kliniki ilimwandikia mtoto pakiti za chakula cha lishe na kumtaka arudi kila wiki. Jioni binti, bila kuambiwa na mtu, akasimulia kosa lake kwenye kundi. Wakongwe wanne wakakiri kwamba nao, siku za baridi, hupima juu ya nguo. Kesho yake wakarudi kwenye nyumba walizopita, mikono ya watoto ikatolewa nje ya mikono ya sweta, na mtoto mwingine mmoja akapatikana kwenye njano.

Yule wa kwanza amekuwa mtoto wa kundi zima. Wiki mbili kipimo chake hakikusogea. Ya tatu akaanza kurusha mateke. Wiki iliyopita mkanda ulikaa mpakani kabisa, nyekundu ikiishia, njano ikianzia.

Leo ni siku ya kipimo. Fundi amekata kola moja mara mbili, zote kombo, na mteja anayengoja sare ya mwanawe ameambiwa, "Dada, nivumilie, nina mgonjwa." Simu iko mapajani. Kundi liko kimya, hata wale wasioweza kukaa bila kusema. Ujumbe wa mwisho ni wa binti, kutoka kwenye benchi la kliniki: "Mbele yetu amebaki mtoto mmoja. Mama wa mtoto wetu ameshaanza kumvua sweta."