Kisanduku Chekundu na Kanzu Tisa

Antivairasi niliiweka mimi. Naanza na hilo kwa sababu wiki ile nilichelewa sana kulisema.

Nilikuwa nimerudi Bagamoyo kutoka chuoni, shahada ninayo na kazi sina, nikikaa kwa shangazi yangu katika nyumba ya ukoo huko Mji Mkongwe. Shangazi anadarizi kanzu. Zamani alidarizi kwa mkono, mpaka vidole vikaanza kumfa ganzi, ndipo akanunua mashine ya kudarizi, ya mtumba, kwa fundi mmoja wa Msata anayetengeneza vyerehani kando ya barabara. Mashine ile haisomi mchoro moja kwa moja. Inataka programu ndogo kwenye kompyuta, ya kuugeuza mchoro wa shangazi uwe amri za sindano: hapa choma, hapa ruka, hapa kata uzi. Programu hiyo aliitengeneza fundi mwenyewe. Haina nembo wala jina la kampuni. Ukiifungua unaona dirisha la kijivu na vitufe vitatu, basi.

Mimi nimezaliwa na maswali. Madrasa nilitolewa nje mara nyingi kwa sababu ya maswali, na chuoni kuna mhadhiri aliyekuwa akiuona mkono wangu umenyooka anaangalia saa. Kwa hiyo nilipogundua kompyuta ya shangazi haina ulinzi wowote, nilimuuliza anajuaje kama fundi hakumwekea kitu kibaya ndani. Akasema anamjua fundi. Nikamwambia kumjua mtu si ushahidi. Jumapili hiyo nikapakua antivairasi ya bure, na ilipouliza ifanye nini ikikuta hatari, nikachagua iondoe yenyewe bila kumsumbua mtu.

Jumatano asubuhi shangazi aliwasha kompyuta na programu haikuwepo.

Siku hiyo alikuwa na kanzu tisa juu ya meza: ya bwana harusi na za wenzake wanane. Nikahi ilikuwa Ijumaa baada ya swala. Kanzu zenyewe zilishashonwa. Zilibaki kaba, vile vipande vya shingoni ambavyo ndivyo mtu huvitazama kwanza. Baba wa bwana harusi alikuwa ameshasema mbele yangu, bila kuuma maneno, kwamba siku hizi Kariakoo zimejaa kanzu zilizodariziwa tayari ng'ambo, na kwamba yeye ameleta kwa shangazi kwa kuheshimu ujirani tu. Akiona hawezi, aseme mapema. Nyumba nyingine za mtaani zilikwisha kuhamia kwenye kanzu za Kariakoo moja baada ya nyingine. Hii ya bwana harusi ndiyo iliyobaki. Kama Ijumaa ingefika bila kaba, hakuna ambaye angemletea shangazi kanzu tena, na vidole vyake havikuweza kurudi kwenye sindano ya mkono.

Nilipokuja kutazama, kwenye pembe ya kioo kulikuwa na kisanduku chekundu: hatari imegunduliwa, imeondolewa. Nakiri nilifurahi. Nilimwonyesha shangazi kama mtu anayeonyesha hati ya mahakama. Alikuwa na nakala nyingine kwenye flashi, anayoitunza ndani ya kopo la vifungo, na kabla sijamaliza hotuba yangu alikuwa ameshaichomeka. Kisanduku kikachomoza tena. Nakala ya pili nayo ikaenda.

Antivairasi ina karantini, chumba inamofungia mafaili inayoyashuku. Nikaingia humo, nikayakuta yote mawili, nikabonyeza kufuta yote. Nilijiona nimesafisha nyumba.

Shangazi aliuliza kama yale ya karantini yangeweza kurudishwa. Nikamwambia yangeweza, dakika moja iliyopita. Hakunigombeza. Alichukua kaba moja tupu, akaikunja, akaikunjua, akaiweka.

"Huyo aliyeiondoa," akasema, "alimuuliza nani?"

"Hakuuliza, shangazi. Amepima."

"Amepima nini?"

Sikujua. Huo ndio ukweli. Mimi niliyemhoji ustadhi, mhadhiri na fundi, sikuwa nimekiuliza kisanduku chekundu swali hata moja. Kilisema hatari, nami nikaitikia.

Shangazi akaniambia: "Mtu akija kuposa nyumba hii, hatumuulizi yeye kama ni mwema. Wala hatumuulizi mpita njia aliyemwona mgongo. Tunatuma watu mtaani kwake, msikitini anaposali, kwa anaofanya nao kazi. Wewe umemfukuza mposaji kwa neno la mpita njia. Haya, vaa viatu ukaulizie."

Kwa hiyo nilikwenda Msata, na kompyuta yangu ya chuoni mgongoni.

Nilimkuta fundi amefungua cherehani matumbo nje juu ya gunia, malori yakipita nyuma yake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nami nikaingia moja kwa moja kwenye shutuma. Nilimuuliza kama programu yake ina kirusi. Alifuta mikono kwa kitambaa taratibu, kidole kwa kidole.

"Kwa hiyo mimi nimeingia kwenye kompyuta ya shangazi yako kuiba maua ya kanzu."

"Kompyuta imesema, fundi."

"Na nakala mliyokuwa nayo iko wapi?"

Nikamwambia nimeifuta. Akawageukia madereva wawili waliokuwa wanakunywa chai jirani. "Huyu binti msomi kamzika mgonjwa, sasa kaja kuniuliza alikuwa anaumwa nini." Wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Nilistahili.

Alinipa nakala yake bila ubishi. Nikamwambia siwezi kuichukua hivihivi, lazima niulizie kwanza, nikamweleza maneno ya shangazi kuhusu posa. Hapo ndipo aliponitazama vizuri. Akasema kama ni hivyo basi yuko tayari aulizwe, na akanipa namba ya mshonaji wa Miono anayeitumia programu hiyohiyo miaka minne sasa.

Kila faili lina alama yake, kama alama ya kidole: mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu unaokokotolewa na kompyuta. Ukibadilisha hata nukta moja ndani ya faili, mlolongo wote unakuwa mwingine. Nilikokotoa alama ya nakala ya fundi, kisha nikampigia mshonaji wa Miono na kumwelekeza aandike amri neno kwa neno. Alisoma alama yake kwa sauti, polepole, huku nyuma yake mwanamke akiuliza anaongea na nani. Nilifuata kwa kidole kwenye kioo. Ikawa sawasawa, mwanzo hadi mwisho. Miaka minne, na hakuna aliyeigusa.

Hiyo haikunitosha. Mtu anaweza kuwa mbaya miaka minne. Nikaipandisha programu kwenye tovuti moja inayolipitisha faili kwa antivairasi nyingi kwa wakati mmoja. Orodha ikashuka: safi, safi, safi, ukurasa mzima wa safi, na katikati wekundu wawili tu. Mmoja alikuwa ile antivairasi yangu. Na wote wawili, ukisoma vizuri, hawakutaja kirusi chochote kinachojulikana. Waliandika maneno ya jumla ambayo tafsiri yake ni kwamba faili hili linafanana na mafaili mabaya.

Linafanana vipi? Nilimuuliza fundi programu ameifungashaje. Akasema aliibana kwa kifaa cha kubania mafaili, kwa sababu kompyuta za wateja wake ni za zamani na hazina nafasi. Inapowashwa inajikunjua yenyewe. Basi ikawa imeeleweka. Watengenezaji wa virusi nao hubana mafaili yao hivyohivyo ili yasichunguliwe ndani, na programu ya fundi haikuwa na saini ya kielektroniki ya kumtambulisha aliyeitengeneza. Antivairasi haikuona ubaya wowote. Iliona kitu kimejifunika, hakijulikani, ikakitoa nje.

Nilirudi Bagamoyo alasiri na kumsimulia shangazi yote, na kubana na kukunjua. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kosa lake ni kuvaa ninja," akasema.

Yeye mwenyewe hatoki mlangoni bila ninja yake usoni. Nilicheka, kisha nikatafuta maelezo bora kuliko hayo, na mpaka leo natafuta.

Kazi yenyewe ilikuwa fupi. Niliisimamisha antivairasi kwa dakika kumi, nikanakili programu, nikaiandikisha kwenye orodha ya wanaoruhusiwa: faili lile moja tu, si folda nzima. Nikabadilisha ule mpangilio wangu wa Jumapili ili kuanzia sasa iulize kabla ya kuondoa kitu. Kisha nikaiwasha tena na kuiamuru ikague upya. Tukakaa wawili tukitazama mstari wa ukaguzi ukisogea. Ulifika mwisho. Kisanduku chekundu hakikutokea.

Shangazi alifungua dirisha la kijivu, akachagua mchoro, akaujaribu kwenye kitambaa chakavu. Sindano ilishuka mara ya kwanza kwa woga, halafu ikashika mwendo, tatatatatata, na ua la kwanza likaota pale mbele yetu. Shangazi aliongeza nguvu ya taa.

Kaba mbili zilitoka kabla ya magharibi. Alhamisi tulianza baada ya alfajiri, mimi nikibadilisha uzi, yeye akinyoosha kitambaa, na umeme ukatuhurumia siku nzima. Alasiri zilikuwa tisa, na kabla ya kulala shangazi alishazishonea kwenye kanzu. Katikati ya kazi nilijaza fomu ya kampuni ya antivairasi, nikawatumia programu na maelezo: mmekosea, na hizi ndizo sababu zangu. Sikutegemea jibu. Nani anamjibu mtu wa Mji Mkongwe?

Walijibu Ijumaa asubuhi. Wamelichunguza faili, ni salama, na toleo jipya halitaligusa tena. Sikuamini kwa sababu wamesema. Nilisasisha, nikaitoa programu kwenye orodha ya wanaoruhusiwa, nikaikagua ikiwa haina kinga yoyote. Kimya. Nilipiga meza kwa kiganja mpaka vifungo vikaruka koponi. Kampuni ya mbali, yenye wataalamu wake, ilikuwa imesahihishwa kutoka kwenye chumba cha kudarizia.

Nilimsomea shangazi barua ile mara mbili.

"Wamemtaka radhi fundi?"

"Wameshukuru kwa taarifa."

"Na wewe?"

Nikatoka uani na simu. Fundi aliniacha nimalize kuomba radhi yote, akasema amesikia, na kwamba atawaambia wale madereva mgonjwa amefufuka.

Mchana tulisimama mlangoni. Walipita tisa, wakitokea kwa bwana harusi kuelekea msikitini, na jua likawapiga shingoni. Niliona kina mama wa ng'ambo ya barabara wanainuka kwenye baraza ili waone vizuri. Baba wa bwana harusi aliwaacha wenzake wapite, akasogea kwetu, akasalimu. Akauliza kama mwezi wa maulidi shangazi ataweza kanzu za madrasa nzima.

"Maana mimi," akasema, "nilidhani kazi imeshakushinda."

Shangazi aliiweka sawa ninja yake.

"Uliulizia kwa nani?" akamuuliza.