Kofia Iliyoachwa Wazi Utosini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa spoki mbili za baiskeli. Nilikuwa msichana aliyetoka shule ya misheni juzi tu, nimevaa gauni jipya, nikidhani ualimu wa kufuma utaanza kwa ubao na chaki. Sista Msimamizi, aliyeongoza darasa la akina mama pale Mpanda, alinionyesha jiwe la kunolea nyuma ya jengo. "Chonga ncha," akasema. "Mwalimu asiye na sindano atafundisha nini?" Nikanoa mpaka adhuhuri, gauni likajaa vumbi. Ilikuwa miaka ya hamsini, sindano za dukani zilikuja kwa nadra, na spoki ndizo zilizofuma masweta mengi ya watoto wa wafanyakazi wa mgodini.

Uzi nao haukuwa wa kuchezea. Tulipokea masweta makuukuu, tukayafumua, tukaufua ule uzi na kuuanika ukiwa umefungiwa jiwe chini ili unyooke, ndipo tukauviringisha kuwa bonge. Aliyeacha bonge lake litambae sakafuni alisikia sauti ya Sista kabla hajaliokota.

Nyie mnaoanza leo mnaniuliza maswali yaleyale waliyoniuliza mama zenu. Mbona kazi yangu inapanuka kama sketi? Kwa sababu kitanzi cha kwanza, yaani ile pete ya uzi iliyokaa kwenye sindano, umekivuta juu kikaonekana kama viwili, nawe ukavifuma vyote viwili. Shusha uzi chini ya sindano kabla ya kuanza mstari. Kitanzi kimeponyoka? Usivute kitu wala usilie. Kitashuka mstari kwa mstari na kuacha ngazi. Kidake kwa pini ya nepi, ukipandishe kwa ngazi hiyohiyo. Sindano inakwama? Umekaza mno. Mikono yenye hofu hukaza uzi, na kuikemea hakusaidii. Hilo la mwisho nilifundishwa na Leokadia.

Leokadia alitoka Litapunga, akaja kukaa kwa shangazi yake karibu na misheni kwa kuwa alikuwa mjamzito na watoto wake wa awali walifariki wakati wa kuzaliwa. Darasani kila mwanamke aliitwa Mama Fulani. Yeye tu ndiye aliyeitwa kwa jina lake, na kila alipoitwa aliinamisha uso. Alifuma kofia ya mtoto mchanga, nzuri, akafika karibu na utosi. Wiki iliyofuata akaja na bonge la uzi mkononi. Ameifumua yote. Akaanza upya, akafika utosini, akafumua tena.

Sista Msimamizi akaniita pembeni. "Uzi unachakaa, Mwalimu. Akifumua tena, nafasi yake apewe mwingine."

Kutoka darasani maana yake ilikuwa kukosa uzi, na mtoto wake alitarajiwa katikati ya kipupwe, wakati asubuhi za Mpanda zinauma hata watu wazima. Nikamfuata Leokadia alipokuwa amekaa barazani.

"Umesahau namna ya kupunguza?" nikamuuliza. Kupunguza ni kufuma vitanzi viwili kwa pamoja ili kofia ijikunje juu.

"Sijasahau, Mwalimu."

"Sasa shida nini?"

Akasema, "Wale wa kwanza niliwaandalia kila kitu. Nguo zikabaki, wenyewe wakaondoka. Shangazi amenikataza, nguo ya mtoto haimaliziwi mwenyewe hajafika. Na mimi naogopa, dada yangu. Nikiifunga hii kofia nitakuwa nimemzika na huyu."

Machozi yalinitoka mbele yake, sikuona sababu ya kuyaficha. Nikamwambia, "Basi usiifunge." Akafuma upya mpaka vikabaki vile vitanzi vichache vya utosini. Nikapitisha uzi mwekundu ndani ya vitanzi hivyo, nikachomoa sindano, nikaacha pawe wazi. Hapo haikuwa kofia bado, ilikuwa kipande cha kazi chenye tundu. Siku ikifika, ukivuta ule uzi utosi unajifunga, unashona kingo mbili za nyuma, basi.

Nikampelekea Sista.

"Mimi siamini mambo haya," akasema.

"Mimi sina hakika nayo, Sista. Ila yeye hawezi kuimaliza, na mtoto atahitaji kofia."

Akaigeuza mkononi, akapitisha kidole kwenye mistari. "Abaki. Lakini utakayeifunga ni wewe."

Mtoto aliwahi kabla ya miezi yake, asubuhi yenye upepo. Nilisimama mlangoni kwa mkunga, kile kipande kimo mfukoni mwa aproni. Ndani palikuwa kimya, na kimya kile nilikichukia. Kisha ikasikika sauti nyembamba, ikakatika, ikarudi na nguvu. Sista akatoka, uso umemwiva.

"Mwalimu, unangoja nini? Funga!"

Nikavuta uzi. Nikashona nyuma kwa haraka, mshono ukaenda upande, kazi mbaya kuliko zote nilizowahi kufanya. Sista alininyang'anya kabla sijakata uzi, akaukata kwa meno, akaenda kumvisha mtoto. Mkunga akasema, "Haya, mama mtoto, mpokee." Leokadia akageuza shingo kutazama nyuma yake, kuona ni nani aliyeitwa.

Baadaye nilihamishiwa Sibwesa, chini ya Bibi Maendeleo, mkaguzi mkali wa madarasa ya wanawake. Alipoona kikapu kimejaa kofia zenye matundu aliniuliza kama sijui kumaliza kazi. Nilipomweleza, alizirudisha kikapuni moja moja, polepole. Si nyuzi zote zilizovutwa kule. Zile ambazo hazikuvutwa nilizifumua mwenyewe, mama asione, nikaufua uzi na kuuanika na jiwe lake. Nilimalizia utumishi Kashaulili, macho yalipoanza kukataa vitanzi vyeusi.

Nimestaafu siku nyingi, na bado mnakuja na kazi zenu zilizopanuka na zilizokwama. Njooni, sichoki. Ila leo mtanisamehe. Mke wa mjukuu wangu yuko wodi ya wazazi tangu asubuhi. Kofia ya mtoto wake iko mapajani mwangu, uzi mwekundu haujavutwa. Jirani amepita akaniuliza kwa nini simalizii kitu kidogo hivi na mchana wote niko bure. Nimemwambia akae nami, asiongee, tusikilize simu.