Jino la Tatu la Ufunguo

Wewe ungempa nani ufunguo wa nyumba yako? Usijibu haraka. Taja mtu mmoja tu ambaye ungemkabidhi leo, ukarudi ndani ukalala usingizi wako wa kawaida. Kama umeanza kujikuna kichwa, basi utamwelewa Mzee Kufuli.

Jina hilo alipewa na mtaa. Kwa miaka arobaini na mitatu alichonga funguo katika kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya duka la dawa na duka la viatu, jiliwa la kubania chuma mbele yake, tupa mkononi, kitambaa cha kufutia vumbi la chuma begani. Alikuwa na sharti moja: hakunakili ufunguo bila kuuona mlango wake. Ukimpelekea, alifunga kibanda, akakufuata mpaka kwako, akauingiza mwenyewe kitasani na kuuzungusha, ndipo akarudi kuchonga. Wateja wenye haraka walimtukana na kwenda kwa wengine. Yeye alisema, "Mwizi hana subira. Mwenye nyumba anayo."

Kazi hiyo ilimfundisha mengi kuhusu watu, na karibu yote yalikuwa mabaya. Alishaitwa na mtoto aliyetaka kumfungia nje baba yake mzazi. Alishaitwa na mume, na siku hiyohiyo na mke, kubadili kitasa kilekile. Basi alipofikisha miaka sabini na mmoja, mke ameshatangulia, macho yameanza kumsaliti, aliuza kibanda, akabaki na jiliwa lake na tupa tatu. Alikaa nyuma ya pazia la chumba chake cha chini akitazama wapita njia na kuwashuku mmoja mmoja.

Juu yake, ghorofa ya kwanza, aliishi dada yake mdogo, mkunga mstaafu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru hata anapoomba chumvi. Mlango wake ulikuwa na kitasa alichokifunga kaka yake kwa mkono wake, ambacho alijigamba kwamba hakuna fundi angeweza kukifungua bila ufunguo halali, yeye mwenyewe akiwemo. Lakini ufunguo wa akiba dada alimnyima.

"Nikupe uwe unapanda kukagua sufuria zangu?" alisema. "Ng'o!"

Ni Mkunga huyo aliyemburuta hadi ukumbi wa mtaa.

"Kuna shughuli za wazee," alimwambia. "Kuna kuimba, kuna bustani, kuna kusomea watoto hadithi. Kuna na kujitolea."

"Nani analipia?"

"Hakuna anayelipia, kaka. Ni bure."

"Cha bure ndicho huwa na gharama," alisema Mzee Kufuli, lakini alivaa viatu. Alitaka kuona kwa macho yake ni mtego wa aina gani.

Ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki, ubao wa matangazo, na kabati la chuma ukutani lenye ndoano zilizoandikwa namba. Aliliona kabati kabla hajaona watu. Kufuli lake lilikuwa jepesi, la kufungia sanduku la shule. Bibi mmoja alikuwa akijifunza kucheza bao na kumwibia mpinzani wake kete mchana kweupe, wote wawili wakicheka. Mratibu, binti mwembamba mwenye kalamu mbili nyweleni, alimletea fomu.

"Karibu sana, baba. Jaza hapa tu."

Alijaza umri. Alijaza namba ya nyumba. Alipofika swali la sita aliweka kalamu chini. *Unaishi na nani?* Na la saba: *Ufunguo wako wa akiba uko kwa nani?*

"Binti, hii fomu imeandikwa na nani?"

"Na mimi, baba."

"Wewe na nani?"

Binti alicheka, kisha akaona kwamba hakuna mzaha. Akavuta kiti, akaeleza. Mwezi wa pili mzee mmoja wa mtaa wa nyuma alianguka chumbani mwake. Alikaa sakafuni siku nne. Majirani walipita mlangoni pake wakienda kazini na kurudi, asubuhi na jioni, siku zote nne. Mji una namba kwenye kila nguzo ya taa, na taa ikizimika fundi hutumwa, lakini mtu akizimika ndani ya chumba chake hakuna anayetumwa. Basi wazee wenyewe wamekubaliana: kila anayeishi peke yake afungue pazia la dirisha la barabarani kabla ya saa mbili asubuhi. Wenzao wawili watapita wakitazama. Pazia likiwa limefungwa, watagonga. Asipoitika, wataingia.

"Kwa ufunguo," alisema Mzee Kufuli.

"Kwa ufunguo. Wamejiandikisha kumi na saba. Na hapa tuna fundi." Akamtazama kwa tabasamu. "Dada yako amekusifu mno."

Mzee Kufuli alilitazama tena lile kabati. Funguo kumi na saba za wazee wasio na mtu, katika kabati moja, na kila asubuhi dirisha litangaze nani yuko na nani hayuko! Hata mwizi mvivu hajawahi kuota ndoto tamu kama hiyo. Akafungua kinywa akatae, akakifunga. Akikataa wataenda kwa fundi wa haraka, na yeye hatakuwa na la kufanya.

"Nitachonga," alisema.

Alizungukia milango yote kumi na saba, ukiwemo wa dada yake, namba kumi na moja; sharti lake halikuvunjika. Mlango wa tisa ulikuwa wa dereva wa lori mstaafu, ng'ambo ya barabara, dirisha lake likitazamana na la Mzee Kufuli. Chumba kilikuwa safi kupita kiasi: kitanda kimoja, kikombe kimoja, kofia moja kwenye msumari. Chumba cha mtu anayejiandaa kuhama, aliwaza. Au kutoroka.

"Dada yako yule Mkunga," Dereva alimuuliza akimshikia mlango, "huwa anatoka saa ngapi?"

"Kwa nini?"

"Nimeuliza tu, Fundi."

Nani huuliza tu?

Siku tatu alikaa kwenye jiliwa lake, miwani miwili puani. Alichonga kila ufunguo kwa unadhifu wa miaka yote ile, isipokuwa jino la tatu. Jino la tatu hakulishusha mpaka mwisho. Alibakiza unene wa ukucha. Ufunguo ungeingia kitasani vizuri, ungekaa kama ule wa asili, lakini usingezunguka. Siku mwizi atakapojitokeza, atabaki mlangoni akihangaika na kipande cha chuma. Na kama kuna mzee ataanguka kweli? Hilo alilijibu upesi: yeye yuko, tupa anayo, ni kazi ya dakika mbili. Akafunga nambari kwenye kila ufunguo, akazipeleka ukumbini, akapigiwa makofi. Makofi yalimchoma kidogo. Alisema ni moshi wa jikoni umemwingia machoni.

Kisha akajitolea kupita asubuhi. Mkunga alimkumbatia kwa furaha hadi mbavu zikalia. Hakumwambia sababu: alitaka kumchunguza Dereva kwa karibu, na ratiba iliwapanga pamoja.

Kila asubuhi Dereva alichukua funguo kwa mratibu, akatia sahihi, akazining'iniza mkandani zikilia kama njuga. Alikuwa na daftari dogo. Chini ya kila dirisha alisimama na kuandika.

"Unaandika nini?"

"Saa."

"Saa ya nini?"

"Saa ya pazia. Huyu hufungua saa kumi na mbili na nusu. Akifika saa moja na nusu bado, najua kuna jambo, sina haja ya kungoja saa mbili." Dereva alilamba kidole, akafungua ukurasa mwingine. "Barabarani ni hivyohivyo. Unasikiliza injini kabla haijafa."

Jibu zuri, aliwaza Mzee Kufuli. Zuri mno. Daftari lenye saa za kuamka za wazee kumi na saba! Akaanza kuandika naye, kichwani, kila alichofanya Dereva.

"Wewe Fundi unanitazama kama trafiki," Dereva alimwambia siku moja.

"Trafiki hutazama mwenye kosa."

"Basi ongeza macho, maana bado hujaliona." Akacheka peke yake.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, walipogeuka kona, Dereva alisimama kabla ya dirisha la kwanza. Alikuwa akitazama juu, ghorofa ya kwanza.

"Mkunga bado," alisema. "Yeye ni saa kumi na mbili kamili, haijawahi kupita. Sasa ni saa moja na robo."

Mzee Kufuli aliangalia. Pazia la kijani lilikuwa limefungwa. Alilala chini ya sakafu ile na hakusikia kitu. Au alisikia? Alfajiri kishindo kimoja, akadhani ni kiti, akamlaumu dada yake moyoni kwa kuhamisha vyombo mapema.

Walipanda ngazi. Dereva, mwenye miaka sabini na minne, alikuwa mbele. Akagonga. Akaita. Ndani sauti hafifu, si neno, kama mtu anayesukuma kitu kizito kwa pumzi. Dereva alichagua namba kumi na moja, akaingiza. Ufunguo ukaingia laini, ukakaa. Akazungusha. Ukagoma. Akauchomoa, akaufuta kwenye shati, akajaribu tena. Ukagoma. Mara ya tatu akauzungusha kwa mikono miwili; ukagoma.

"Umekwama. Fundi, umekwama! Nikaite watu tuvunje?"

Mlango huo usingevunjika. Mzee Kufuli aliujua. Aliuchagua mwenyewe, mbao ngumu, bawaba nne.

"Lete," alisema.

Akatoa tupa mfukoni mwa koti. Akaubana ufunguo dhidi ya chuma cha ngazi kwa kidole gumba, na bila kuutazama, bila kupima, bila hata kuvaa miwani, akaiweka tupa kwenye jino la tatu. Mikwaruzo minane. Akapuliza vumbi. Mikwaruzo minne. Alipoinua uso, Dereva alikuwa ameacha kuutazama mlango. Alikuwa akimtazama yeye.

Ufunguo ukazunguka.

Mkunga alikuwa sakafuni kati ya kitanda na meza, kanga imemzunguka miguu, uso umekauka. Aliwatazama wote wawili.

"Ni nyonga," alisema kwa sauti ya wodini. "Msininyanyue. Nipeni maji, kisha pigeni simu. Na wewe kaka usilie, utanidondoshea machozi kwenye jeraha."

Hospitali walimpokea kabla ya saa tatu. Nyonga ilikuwa imepata ufa, haikuvunjika. Angelala wiki kadhaa, angetembea. Dereva alikaa kwenye benchi la ukumbi wa hospitali, funguo mkandani. Alipoona Mzee Kufuli anatoka wodini alimuuliza swali moja tu, taratibu, asisikike na wengine:

"Na kama leo ungekuwa na homa?"

Dereva akaondoka.

Jioni, kabla ya muda wa kuona wagonjwa kwisha, Mkunga alimshika kaka yake mkono.

"Nilisikia ufunguo ukigoma. Mara tatu. Nikajua ni wa kwako."

"Ulijuaje?"

"Fundi mwingine angekosea. Wewe hukosei." Akaufumba mkono wake, akaukaza. "Nimelala pale tangu alfajiri nikisema, si kitu, wenzangu watapita, pazia limefungwa. Hiyo ndiyo iliyoniweka hai. Halafu nikausikia ule mgomo. Kaka, ulikuwa unanilinda na nani?"

Alitafuta jina la mtu huyo njia nzima ya kurudi nyumbani. Hakulipata. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu ya wezi, waume, wake na watoto wabaya, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa kwenye orodha ya wale kumi na saba.

Kesho yake asubuhi alikaa nyuma ya pazia lake, limefungwa. Hakwenda zamu. Aliwaza kwamba sasa mtaa mzima unajua. Kwamba mratibu amekwisha kuita fundi wa haraka. Kwamba watakuja kwa kundi, na bibi wa bao atakuwa mbele. Alifungua upenyo wa kidole. Ng'ambo, pazia la Dereva nalo lilikuwa bado limefungwa; mlango wake ukafunguliwa. Dereva alitoka na kofia yake, akavuka barabara peke yake, moja kwa moja, bila kutazama dirisha lingine lolote. Mzee Kufuli hakuwa kwenye orodha. Ile fomu hakuimaliza. Iliishia swali la sita. Lakini Dereva alisimama chini ya dirisha lake, akatoa daftari, akaandika. Kisha akagonga kioo kwa ukucha.

"Najua uko hapo, Fundi. Pazia linapumua."

Mzee Kufuli alifungua dirisha, si pazia. Mkono uliingia, ukaweka kishada cha funguo kwenye kizingiti.

"Nimemwambia binti zinahitaji kulainishwa. Sijamwambia mtu zaidi ya hapo; hilo utamwambia mwenyewe. Ukimaliza nitazijaribu mlango kwa mlango. Zote. Sitakuamini hata moja."

"Haki yako," alisema Mzee Kufuli.

"Anza na namba tisa."

Aliichukua. Ilikuwa ya chumba chenye kikombe kimoja. Akaibana kwenye jiliwa, akashusha jino la tatu, akapitisha kidole, akashusha tena unene wa unywele mmoja. Akaipitisha dirishani. Hakuna aliyesema asante.

Kupitia upenyo alimwona Dereva akivuka barabara. Alimwona akiufunga mlango wake kwa nje, akiutikisa kuhakikisha, kisha akiingiza ule ufunguo mpya na kusimama, kama mtu anayesikiliza injini. Mkono ukazunguka. Mlango ukafunguka, ukafungwa nyuma yake, na kitambo kidogo baadaye pazia la dirisha lile likavutwa pembeni, lote, mpaka mwisho wa fimbo.