Mtunza Chaki

Mwalimu wa darasa la nne katika shule ile ya msingi aliitwa Shangazi na kila mtu, kuanzia watoto hadi fundi aliyekuja kuziba mabati yanayovuja. Usithubutu kumwita Madamu. Angekutazama mpaka ujihisi umevaa shati ndani nje. Alikuwa mfupi, sauti yake kubwa kuliko kiwiliwili chake, na vumbi la chaki halikumtoka vidoleni hata siku za mapumziko.

Shangazi alikuwa na mtindo wake. Kila muhula ulipoanza alimchagua mtoto mmoja kuwa mtunza chaki. Huyo alikabidhiwa boksi la chaki na dasta, akapewa kiti ubavuni pa meza ya mwalimu, na kila asubuhi ndiye aliyeandika tarehe ubaoni na kuwasomea wenzake kichwa cha somo. Watoto waliutamani wadhifa huo kufa na kupona. Walijipendekeza, walichana nywele, walibeba mkoba wa mwalimu hata pale ambapo hakuwa na mkoba.

Walijisumbua bure, masikini. Boksi lilikwenda kwa aliyeshika mkia. Wa mwisho darasani, basi. Nafasi hazikusomwa mbele ya watu, kwa hiyo hakuna aliyeng'amua. Na mtoto asiyejua kusoma, akikaa muhula mzima karibu na mwalimu, akisoma na kuandika kila siku huku akijiona kigogo, hubadilika. Si wote, maana Shangazi hakuwa mchawi. Lakini wengi walibadilika.

Muhula ule boksi lilikuwa mikononi mwa msichana mwembamba, mtoto wa kambi. Kambi yenyewe ni vibanda vya mabati walivyojengewa vibarua wa barabara mpya, watu waliotoka kila upande, kila nyumba na lugha yake. Watoto wao waliijaza shule mpaka dawati la wawili likawa la wanne. Walikuwa wamehama na barabara tangu wazaliwe: shule hii muhula mmoja, ile muhula mwingine, na kila walikofika somo lilikuwa limeshawapita. Wastani wa shule ukaporomoka, ukaendelea kuporomoka.

Aliyekosa usingizi kwa wastani huo ni mwalimu mkuu. Naye alikuwa zao la darasa lile lile la Shangazi, na hakuwaachia watu wasahau. Hakuna kikao cha wazazi alichofungua bila kujipiga kifua: "Mimi mnayeniona hapa, nilikuwa mtunza chaki!" Wazazi walipiga makofi. Shangazi alikagua kucha zake.

Wiki moja kabla ya mtihani mwalimu mkuu alimwita Shangazi ofisini, akafunga mlango. Chati ya matokeo ilining'inia nyuma yake, mstari ukishuka kutoka kona hadi kona.

"Shangazi, hali si hali," alisema. "Wakubwa wa elimu wamenikalia kooni. Shule zote za jirani zimetupita."

"Pole, mwanangu."

"Wanaotushusha ni watoto wa kambi. Sasa sikiliza. Siku ya mtihani, wale wa mkiani wabaki nyumbani. Tumbo linauma, kichwa kinauma, nani atauliza? Wewe nitajie tu majina."

Shangazi aliutazama ule mstari, na akilini mwake wakamjia watu wawili. Alimwona msichana wake, ambaye juzi alisoma ukurasa mzima kwa jasho hadi nukta ya mwisho, na ambaye aliungoja mtihani kama watu wanavyongoja harusi. Lakini alimwona pia mvulana wa zamani mwenye kaptula ya viraka, aliyekumbatia boksi la chaki kifuani hadi nyumbani kwao. Mvulana huyo sasa alikuwa na tai na upara, na Shangazi alimpenda vilevile. Kumkinga mmoja ni kumuumiza mwingine. Alitamani ardhi ipasuke.

"Majina sina," alisema mwishowe. "Ninalo moja. Wa mwisho kabisa ni mtunza chaki wangu."

Mwalimu mkuu akacheka. "Shangazi bwana! Mtunza chaki awe wa mwisho? Huyo ulimchaguaje?"

"Kama ninavyowachagua wote."

Kicheko kikakatika.

"Wote?"

"Wote, mwanangu."

Akakaa. Alishika kalamu, akaiweka, akaishika tena.

"Mama alijua?"

"Nilimwambia wiki ile ile niliyokupa boksi. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema nikifungua mdomo atanitoa roho, kwa sababu hajawahi kukuona unakwenda shule mbio. Nimekaa kimya mpaka leo."

Mama yake alikwisha kufariki. Mwalimu mkuu aligeukia dirishani, mabega yakatikisika, na Shangazi hakujua kama analia au anacheka.

"Na mimi ninavyowatangazia watu!"

"Umetangaza vizuri sana," alisema Shangazi, na roho ikamuuma kwelikweli.

Siku ya mtihani hakuna aliyeumwa tumbo. Watoto wa kambi walikaa kwenye madawati kama wenzao, msichana akiwa mbele kabisa, ulimi nje kwa kukazana. Matokeo yalipotoka, shule ilikuwa pale pale chini. Msichana alikuwa amefaulu kwa chupuchupu, lakini amefaulu.

Kwenye kikao cha wazazi mwalimu mkuu alifungua moja kwa moja kwa habari za madawati. Watu wakatazamana, hawakuzoea. Mama wa msichana aliingia amechelewa, mabuti yamejaa lami, akanyoosha mkono kabla hata hajakaa.

"Samahanini. Hayo ya wastani mimi siyajui," alisema. "Tumehama sana, na kote huko mwanangu aliitwa mzito. Hapa amekuwa mtunza chaki. Nimekuja kushukuru tu."

Kikao kizima kikamgeukia mwalimu mkuu. Yeye alimtazama Shangazi kwanza, kisha yule mama.

"Hata mimi, mama," alisema. "Hata mimi nilikuwa mtunza chaki."

Shangazi akaacha kucha zake, akawa wa kwanza kupiga makofi.