Ukoko wa Mama Mdogo

Mkamwana wangu ana sufuria ya umeme ya kupikia wali. Unatia mchele na maji, unabonyeza, wali unaiva wenyewe huku mpishi amekaa sebuleni, na ukimaliza kupakua chini hakuna kitu, peupe. Sasa wiki iliyopita umeme ulikatika, wajukuu wakalazimika kupika kwa mkaa, na mimi chumbani kwangu nikasikia kitu ambacho nilikuwa sijakisikia siku nyingi: krr, krr, krr, upawa ukikwangua ukoko. Nilitoka mbio, kama mtu wa umri wangu anaweza kusemwa ametoka mbio, nikawakuta wanataka kuuloweka ukoko wote kwa maji ili sufuria ioshwe. Niliwafokea mpaka jirani akachungulia.

Walidhani Bibi ana njaa. Niliuchukua ukoko wangu nikaenda kukaa nao kitandani, na huko nikalia. Wao sikuwaambia kwa nini. Ninyi nitawaambia.

Kwetu kulikuwa Usukumani, mwendo wa asubuhi moja kutoka mji mdogo wa Mhunze, kwenye mbuga zile nyeusi ambazo mvua ikinyesha zinakunasa mguu na jua likiwaka zinapasuka. Mama yangu aliitwa Mama Kabula, kwa jina langu mimi, na alikuwa mkulima wa mpunga. Majaruba yake aliyachimba mwenyewe, akayapandisha kingo mwenyewe. Hata hivyo wali hatukuula ovyo. Chakula chetu kilikuwa ugali wa mtama na maziwa ya mgando, na njaa ikibisha hodi, michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa. Wali ulikuwa wa wageni na sikukuu, na mpunga ulilala kwenye kihenge kama mzee anayesubiri kuitwa.

Baba alikwenda Geita kuchimba dhahabu nikiwa bado nabebwa mgongoni. Aliondoka akiitwa Masanja, akarudi akiitwa Ramadhani, na kanzu, na kofia, na mke wa pili. Bibi yangu mzaa baba aliikubali kanzu, akamkubali mke, lakini jina lile alilikataa. Alimwita Masanja mpaka siku ya kufa kwake, na baba aliitika.

Mke yule alikuwa Mrufiji. Alikuwa amemfuata Geita kaka yake, aliyekuwa akioka mikate karibu na kambi za wachimbaji, na yeye mwenyewe mikate aliijua hasa. Mtoto hakuwa naye. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake, sasa yeye angeitwa nani? Watu wakasema Mrufiji. Mimi niliambiwa nimwite mama mdogo. Alijengewa nyumba upande wa pili wa uwanja, mkabala na ya mama, na jiko lake likatazamana na jiko letu.

Huko machimboni baba alikuwa ameonja mkate akapotea. Alisema ugali unamtia usingizi, na wali ni chakula cha wanawake waliojifungua, lakini mkate ndio chakula cha mtu anayekwenda kwa saa. Saa yenyewe hakuwa nayo. Basi mama mdogo alikanda unga wa ngano kutoka dukani Mhunze, akauumua kwa togwa iliyochacha, akautia katika sufuria yake nzito yenye mfuniko, akapalia makaa ya mgunga chini na juu. Harufu yake ilivuka uwanja bila kuombwa ruhusa. Mbwa walikuja kulala mlangoni kwake. Nami ningelala pale kama si kumwogopa mama.

Kwa desturi yetu wanaume hawakulia nyumbani. Walikula shikome, kwenye moto wa nje jioni, na kila mke alipeleka chakula chake pale. Sikuwa na kaka, kwa hiyo sahani za nyumba zote mbili nilibeba mimi. Nikirudi, mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Mkono wa baba yako umeanza wapi?"

"Kwenye mkate, mayu."

Mnaweza kucheka, lakini kwa mama swali lile lilikuwa ni nyumba yake. Alikuwa na mimi tu, msichana; wawili walionitangulia walikuwa wamefariki wachanga. Alijua kwamba mke ambaye chakula chake hakiguswi, iko siku ataambiwa achukue jembe lake arudi kwao. Basi akafungua kihenge. Wali ukaanza kupikwa kila siku ya Mungu, kwa samli, kwa maziwa, kwa karanga, nami mikono ikanitoka malengelenge kwa kutwanga. Bibi alivumilia wee, mwisho akamwambia, "Mpunga wa mbegu nao utaupika?" Mama aliendelea kupepeta.

Na baba kila jioni mkono wake ulianza kwenye mkate. Alipokuwa ameshiba ndipo alipomega wali kidogo, kwa adabu.

Mimi malipo yangu yalikuwa ukoko. Mama alipika kwa chungu, na ukoko wa chungu, wenye samli, mwekundu, unaolia kama changarawe mdomoni, huo sina namna ya kuueleza kwa watu wa sufuria za umeme. Siku moja nilikuwa nikiutafuna huku nimekwenda kuchukua mkate wa baba, na mama mdogo akaacha kazi yake akanitazama mdomo.

"Unakula nini, mwanangu?"

"Ukoko."

"Nimegee."

Nilimmegea kipande kama ukucha, maana sikuwa mkarimu. Alikiweka mdomoni hakukitafuna. Alikaa chini kwenye mkeka wake, akanieleza habari za kwao Rufiji: mto unaofurika na kurudi, mashamba ya mpunga yasiyoonekana mwisho, na watoto wanaolala juu ya dungu ili kuwafukuza ndege alfajiri. Alisema huko mtu akila vyote ulimwenguni asipokula wali, ukimwuliza atakwambia hajala.

"Na mkate?" nikamwuliza.

"Mkate naupika kwa ajili ya baba yako. Mimi nikiula naona kama nimekula upepo." Kisha akacheka, akafuta macho kwa upande wa kanga. "Usimwambie mama yako."

Nilimwambia usiku uleule. Mtoto gani anaweza kukaa na neno kama lile? Mama alikuwa akichochea moto, na nilidhani hakusikia.

Lakini tangu siku hiyo wali wa mama ukaanza kushika chini. Bibi alilalamika: "Mwanamke mzima, siku hizi anaunguza." Ukoko ulikuwa mnene kama kandambili, na mama akaniambia, bila kunitazama, kwamba ni mwingi mno kwa mtoto mmoja, utaniumiza tumbo, nikale huko nje. Huko nje ni wapi, hakusema. Miguu yangu ilijua. Mama mdogo naye akaanza kunikatia kipande cha pembeni mwa mkate kilicho moto, kikubwa kuliko ninavyoweza kumaliza, akisema, "Kinachobaki usikitupe, peleka nyumbani." Nilipokileta mara ya kwanza mama alisema, "Weka huko." Niliporudi kutoka kisimani nilimkuta amekaa gizani jikoni, ameupa mlango mgongo, anakula taratibu, na makombo anayaokota kwa kidole kilicholoweshwa ulimini. Mama yangu alipenda mkate kuliko baba alivyoupenda. Ndipo nilipojua kwamba mambo yamepinduka: mpika wali anataka mkate, mpika mkate anataka wali, na anayepikiwa hajui lolote.

Tuliishi hivyo misimu miwili ya mvua. Nilivuka uwanja ule na ukoko, nikarudi na mkate, na njiani nilitoza ushuru wangu pande zote. Zilikuwa siku nzuri za maisha yangu. Wao wenyewe hawakuvuka. Wakikutana kisimani walisalimiana: mama mdogo aliinama akasema, "Shikamoo, dada," na mama, ambaye Kiswahili hakukijua zaidi ya hapo, aliitikia kwa Kisukuma akajitwisha mtungi. Mbele ya watu walikuwa wake wenza, na wake wenza walitakiwa wachukiane kidogo, ndivyo kijiji kilivyopenda.

Mtoto wa mama mdogo hakuja. Baba zangu wakubwa wakaanza kikao, kisha kikao kingine, na baba akakaa kimya katika vyote viwili. Kaka yake mama mdogo akaitwa aje amchukue.

Asubuhi ya safari mama aliamka mapema kuliko jogoo, akapika wali ambao hakuna aliyeuomba. Aliukwangua ukoko wote, safari hii hakuniachia hata punje, akaufunga katika kipande cha kaniki yake. "Kimbia," akaniambia. Nilikimbia. Lori la pamba lililokuwa likienda stesheni ya Shinyanga lilikuwa tayari linanguruma, na mama mdogo amekaa juu ya marobota kando ya kaka yake, na mkeka wake. Alikipokea kifurushi, akakinusa.

"Mama yako yuko wapi?"

"Jikoni."

Alitazama upande wa kwetu muda mrefu. Kisha akanishushia ile sufuria nzito na mfuniko wake. "Mpe. Mwambie makaa yawe mengi juu kuliko chini."

Nilikuwa mtoto, nilifurahia sufuria. Mama alijaribu kuoka mara moja. Mkate ulitoka mgumu nje, mbichi ndani, na wa kumwuliza hakuwapo. Aliwagawia mbwa lile donge, akaitundika sufuria ukutani. Baba akarudia ugali wake, akanyamaza juu ya saa, na mpunga ukarudi kulala kihengeni. Mama alikuwa ameshinda. Sikupata kumwona mshindi mwenye huzuni namna ile, wala sikuelewa anachohuzunikia.

Miaka mingi baadaye, baba akiwa kaburini zamani, nilimuuguza mama nyumbani kwangu Shinyanga mjini. Alikataa kila chakula. Nikakumbuka, nikamnunulia mkate. Alitafuna kidogo, akasema, "Huu haujapaliwa." Kisha akaniuliza, "Kabula, yule mwenzangu, jina lake hasa lilikuwa nani?"

Nilikuwa nimekula mkononi mwake misimu miwili, na jina lake sikulijua. Pale kijijini, zaidi ya baba, hakuna aliyelijua. Uwanja ule ulikuwa mdogo, kuku aliuvuka akiruka mara tatu nne, na mimi nilidhani wanawake wale wananituma kwa sababu wananipenda. Walinituma kwa sababu hawakuthubutu kwenda wenyewe, na nilivyokuwa mwepesi wa miguu ndivyo nilivyowaondolea sababu ya kwenda. Hilo ndilo linaloniuma nikisikia upawa ukikwangua chini ya sufuria.

Nilimwambia mama kwamba sijui. Alifumba macho, nikadhani amelala.

"Tungemwita Mama Kabula na yeye," akasema. "Ungetutosha wote wawili."